Kwa Nini Watu Walificha Maboksi

Asubuhi ile Madoa alipokataa pumba naikumbuka vizuri, mwanangu, hata baridi yake naikumbuka. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa la Tlawi, nami nimesimama na karai mkononi, nambembeleza ng'ombe kwa maneno matamu ambayo marehemu mume wangu hakuwahi kuyasikia kutoka kwangu. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akamchoma sindano, akamnywesha mafuta, na bado kesho yake ng'ombe akafa.

Nilie kwanza, au nikueleze kwanza kwa nini nililia? Madoa hakuwa wangu. Ninyi mliokulia mjini hamjui mambo haya, na si kosa lenu, hakuna aliyewaambia. Sisi Wairaqw mtu haweki ng'ombe wake wote nyumbani kwake. Huyu anampeleka kwa rafiki wa ng'ambo ya bonde, yule anampeleka kwa shemeji, na yeye mwenyewe analala na ng'ombe wa watu wengine ndani. Ugonjwa ukiingia zizi moja, haukumalizi. Nilipokuwa msichana niliwahi kumuuliza baba yangu kwa nini ng'ombe wanaolala kwetu si wetu na walio wetu hawalali kwetu. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Nikitaka majirani wanipende, waache wanywe maziwa ya ng'ombe wangu." Kwa hiyo anayetunza anapata maziwa na samadi, mwenye ng'ombe anapata ndama na usingizi. Na ng'ombe akifa mikononi mwako, unampelekea mwenyewe habari pamoja na ngozi, ili ajue hukumuuza.

Madoa alikuwa wa Mzee Boay, anayekaa juu, upande wa pili wa korongo. Baba yake na baba mkwe wangu walianza kuwekeana ng'ombe kabla mimi sijaolewa. Sasa fikiria nimebeba ngozi ile kichwani, napandisha kilima kwenda kwake.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, mama Paskali. Pole. Nimeshasikia." Hata ngozi hakuikagua. "Amekufa na nini?"

Nikamwambia. Tumbo la Madoa lilipopasuliwa, tulikuta nailoni. Si kipande, mwanangu. Ni bunda zima limejisokota na solotepu, zile nailoni zenye vipovu ambazo watoto wanapenda kuvibonyeza vipasuke. Mzee aliinamisha kichwa, na mimi nikadhani anamlilia ng'ombe wake.

Nailoni zile kila mtu alijua zinakotoka. Pale senta, basi la Arusha linaposimama, binti mmoja anaitwa Yusta alikuwa amepanga chumba cha kupokea mizigo. Watu siku hizi wanaagiza kila kitu kwa simu: viatu, sola, dawa za mbegu, nywele za bandia, hata masufuria, kana kwamba Mbulu mjini hakuna masufuria. Basi linashusha, Yusta anapokea, anampigia mwenyewe aje achukue. Chumba kile ndicho kilichokuwa kinamlisha yeye na mtoto wake na mama yake mgonjwa. Na kila mzigo unakuja umevishwa kama mtoto wakati wa baridi: nailoni, boksi, nailoni nyingine, solotepu juu yake. Mwenye mzigo anachukua kitu chake, na mavazi yote yanaishia korongoni. Mvua ikinyesha, korongo linayaleta chini, kwangu, mahali ng'ombe wanapokunywa.

Yusta hakukaa tu. Hilo nilipaswa kulikumbuka, lakini hasira haina kumbukumbu nzuri. Aliweka gunia kubwa la sandarusi mlangoni kwake, akaandika kwa kalamu nzito: RUDISHA BOKSI NA NAILONI HAPA. Aliomba ruhusa akatangaza kanisani baada ya matangazo ya ndoa. Alizungumza na kondakta, naye akakubali kuyarudisha Arusha kwa wanaonunua maboksi na plastiki, maana basi linarudi na buti tupu. Kila kitu kilikuwa tayari. Ila sandarusi ilikaa pale wiki baada ya wiki na kitu pekee kilichoingia humo ni kuku wa jirani, akataga.

Mimi nikasema, watu wa hapa ni wavivu, basi. Sandarusi iko njiani, kanisani wameambiwa, na bado wanabeba boksi mpaka korongoni, mbali kuliko kwa Yusta! Nilipolisema jambo hilo kwa mdomo wangu mwenyewe, nilipaswa kujiuliza ni mvivu gani huyo anayechagua njia ndefu. Sikujiuliza.

Ukaitwa mkutano wa kijiji. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na unanijua nikishika neno. Nilisema ng'ombe wa Mzee Boay amekufa nyumbani kwangu kwa uchafu wa watu wasiojulikana. Nikasema kama watu hawawezi kurudisha takataka, basi mizigo isije. Chumba kifungwe. Anayetaka kitu chake akifuate mjini, kama tulivyokuwa tunafanya zamani na hatukufa. Wanawake wenzangu wakanipigia makofi. Yusta alikuwa amekaa chini, mtoto mgongoni, anang'oa majani bila kuyaangalia. Nilimwona. Niliona na nikaendelea kusema.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Wanaokubali chumba kifungwe, wanyooshe mikono."

Mikono ilianza kupanda. Hapo ndipo Mzee Boay aliposimama, kule nyuma kabisa karibu na njia, mahali anapopenda kukaa siku hizi. Wakati ule nilidhani anapenda upepo.

"Mwenyekiti, naomba niseme kabla hamjahesabu."

"Karibu, mzee wetu."

"Mkikifunga hicho chumba, mimi nitabaki ndani ya nyumba yangu mpaka nife." Watu wakageuka. Yeye akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mnakumbuka nilipasuliwa tezi dume kule hospitali. Nilipona, Mungu asifiwe. Ila tangu siku ile mkojo haunisikilizi tena. Navaa nepi. Mjukuu wangu anavaa, na mimi navaa."

Mwanangu, fikiria! Hapa ni mzee aliyepatanisha ndugu waliogombania mipaka, mzee ambaye vijana wakimwona wanashuka kwenye pikipiki wamsalimie. Nilitamani ardhi inifunike kwa niaba yake.

"Mwanangu wa Babati ananitumia kwa basi," akaendelea. "Boksi lina picha. Mzee mmoja mzungu amevaa hiyo nepi na anacheka, sijui anacheka nini. Juu limeandikwa jina langu na namba yangu. Sasa niambieni, mimi niliweke boksi hilo kwenye sandarusi pale senta, siku ya mnada, watu wote wanapita? Nilikuwa nalibeba chini ya koti mpaka korongoni, natupa, narudi. Nikajiambia korongo linakwenda upande wa pili, kwa wengine." Akaitazama fimbo yake. "Upande wa pili, ambako ng'ombe wangu ndiko anakolala. Inawezekana kabisa Madoa nimemuua mimi."

Kisha akanigeukia, bila ukali wowote, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Mama Paskali, una haki ya kukasirika. Lakini umesema watu ni wavivu. Mtu anayetembea mpaka korongoni na boksi chini ya koti si mvivu. Anaona aibu. Ungetuuliza tunaogopa nini, tungekuambia."

Nikaketi chini.

Halafu sauti ikatoka upande wa wanawake. Ni Martina, mke wa fundi cherehani, mdomo wake haujawahi kuwa na mlango. "Na mimi nilitupa," akasema. "Nilinunua wigi. Mama mkwe wangu akiona boksi la wigi atasema nakula pesa za mwanawe." Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yake! Watu wakaangua kicheko, na mama mkwe naye, baada ya kuvimba kidogo, akacheka. Mwalimu mmoja mgeni, anayetoka Tanga, akasema yeye anachoma nyuma ya nyumba kwa sababu kila akipokea boksi, jioni kuna mtu anakuja kumkopa, watu wanafikiri ana hela. Mwingine akasema hajawahi kurudisha kwa kuwa hakuamini. Alidhani Yusta atayachoma maboksi palepale uani, sasa kuna faida gani kubeba? Kila mmoja alikuwa na lake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uvivu.

Mwenyekiti aliuliza tena kuhusu mikono. Haikupanda. Wa kwangu niliukalia.

Baada ya hapo kazi haikuwa ngumu. Yusta alitundika pazia la kitenge ndani ya chumba. Unaingia, unafungua mzigo wako nyuma ya pazia, kile kibandiko chenye jina na namba unakibandua mwenyewe, unakitia kwenye jiko la mama yake. Boksi unalivunja, unaligeuza picha ndani na upande mtupu nje, unaliacha hapo hapo. Kitu chako unaondoka nacho kwenye kiroba kisicho na maandishi, na anayekuona njiani anaweza kudhani umenunua unga. Kwa yule asiyeamini, kondakta alianza kutuma picha kwenye simu ya Yusta, mafungu ya maboksi yetu yakiwa yamefika Arusha yanapimwa kwenye mizani, na Yusta anamwonyesha kila anayeuliza. Anayetaka boksi la kulelea vifaranga naye anaruhusiwa kuchukua.

Sitakudanganya kwamba korongo limekuwa safi kabisa. Yapo ya zamani, kila mvua inayafukua, na vijana wa kipaimara tunashuka nao kuyaokota. Wapo pia wawili watatu ambao bado wanatupa, na wengine nawajua. Lakini nailoni mpya nimeacha kuziona pale kwenye maji. Na Mzee Boay, mvua za masika zilipoanza, alishuka kilima na mtamba mwekundu, akamfunga ndani kwangu bila hotuba. Nikamwambia sistahili kupewa mwingine. Akasema, "Nani amekuuliza kama unastahili? Nina ng'ombe, wewe una nafasi."

Juzi nilikuwa pale kwa Yusta nasubiri dawa ya kuku, basi likashusha mizigo. Mzee akaingia na fimbo yake, akapokea boksi lake. Yusta akafungua pazia, akamwekea kisu cha kukatia solotepu, kwa heshima, kama anavyofanya kwa kila mtu. Mzee akalitazama pazia, akatutazama sisi tuliojaa mlangoni, akaliweka boksi juu ya meza mbele yetu, picha ikiwa juu.

"Langu fungulia hapa hapa, binti," akasema. "Pazia waachie vijana."

Tulicheka sote, naye akacheka kuliko sisi. Wakati anaondoka, mwanaume mmoja wa rika lake, mgeni kutoka Hirbadaw aliyekuwa amekuja kumtembelea binti yake, alimfuata nje taratibu. Nikawaona wamesimama pembeni ya barabara wanazungumza kwa sauti ya chini, kichwa kwa kichwa. Yule mgeni akatoa simu yake ndogo, na Mzee Boay akawa anamtajia namba ya mwanawe wa Babati.

Basi, mwanangu, nimekuita nikuambie hili kwa kuwa nasikia umechaguliwa kwenye kamati ya mazingira huko unakoishi, na nasikia umeanza kukasirika. Hasira naielewa, niliishi nayo. Lakini ukiona watu hawafanyi jambo jema lililo rahisi, usikimbilie kuwaita wavivu wala wajinga. Kaa nao chini. Waulize wanaogopa nini, na uwe tayari kusikia jambo ambalo hukulitegemea. Ukishajua aibu iko wapi, waondolee. Mahali pa kuacha taka pawe pale pale wanapopokelea, na uwaonyeshe zinakoenda, maana mtu hachoki kubeba kitu anachojua kinafika. Na wewe mwenyewe ukiwa na boksi lako la aibu, maana sote tunalo, usilipeleke kwa wengine kimyakimya ukidhani umemaliza.

Nakuombea Mungu akulinde, mwanangu. Akupe sikio kabla ya sauti. Akuzungushie watu wasiokucheka siku mwili wako utakapoacha kukutii, na akupe moyo wa kutowacheka wao. Mvua ya kwenu inyeshe kwa kiasi, na maji yanayoshuka kutoka kwako yafike kwa jirani yakiwa yananyweka.