Nilivyobonyeza "Baadaye" Mbele ya Mkutano wa Mikumi

Ili kumbukumbu ziwe sahihi tangu mwanzo, mhusika wa fedheha iliyotokea katika mkutano wa umoja wetu pale Mikumi ni mimi, Mzee Madeha, mwenyekiti wa umoja na mtumishi wa serikali mstaafu. Si umeme (siku hiyo haukukatika, jambo ambalo nalo ningependa liandikwe), si mtandao, na wala si wale vijana wawili ambao baadhi ya wajumbe, kwa nia ya kunisitiri, wameanza kusema kwamba hawakumweleza mzee vizuri. Walinieleza vizuri sana. Nilielezwa kwa Kiswahili, mchana kweupe, nikiwa nimeketi, na chai nilipewa.

Umoja wetu ni wa wenye nyumba za wageni na waongoza watalii wa Kilosa na Mikumi, na tulikuwa tumekubaliana tuwe na tovuti moja ya pamoja, ili mgeni aliyeko mbali aone vyumba, aone njia ya kufika, aombe nafasi, asihangaike. Kazi ya kuitengeneza kwa majaribio tuliwapa Zainabu, binti wa Chanzuru, na mwenzake Elia, kijana wa huku milimani, ambao walikuwa wamepanga chumba kimoja jirani na stesheni ya Kilosa wakakiita ofisi. Mkutano wa Mikumi ndio ungeamua kama waendelee nayo moja kwa moja au tuikabidhi kwa kampuni ya Dar es Salaam iliyokuwa imeshaomba. Zainabu alikuwa ameitwa kazini hukohuko Dar, akawaomba wamvumilie kidogo, kwa hiyo tukimkataa sisi, ofisi inafungwa na Kilosa inawapoteza wote wawili. Hayo niliyajua. Ninasisitiza kwamba niliyajua.

Basi nikapita ofisini kwao kukagua, kompyuta yangu ya mpakato ikiwa kwapani (wenzangu walinipa zawadi siku ya kuniaga kazini, na tangu hapo haijawahi kulala bila kufunikwa kitambaa). Wakaniamkia, nikaitikia, na Zainabu akaomba aitazame ile kompyuta, akaiwasha, akaiangalia kwa muda, akatabasamu, akanirudishia. Mimi nikadhani ameipenda.

Nikawakuta na shauri kubwa. Kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia kurasa za mtandaoni, kilikuwa kimetoa toleo jipya, nao walikuwa wakilipima kabla ya kuamua walitegemee kiasi gani. Nimeketi katika kamati nyingi za kupokea vifaa vya ofisi, na nimeona watu wazima wakipokea makabati yasiyofungika kwa sababu tu muuzaji ni shemeji wa fulani, kwa hiyo niseme wazi kuwa sijapata kuona kitu kikipimwa kwa haki kama nilivyoona mle ndani. Waliweka toleo la zamani huku na jipya huku, wakafungua ukurasa uleule, wakafuta kila kitu, wakafungua tena, wakabadilishana mashine ili pasiwe na upendeleo, na kila matokeo Elia akayaandika, hata yale yaliyokuwa kinyume na alivyotaka yeye.

Zainabu alikuwa upande wa toleo jipya. Alisema mpangilio wa picha ambao zamani uliwatoa jasho, sasa kivinjari chenyewe kinauelewa kwa maneno machache, na ukurasa unakuwa mwepesi.

"Hapa unakimbia, sikatai," Elia akamjibu. "Kule kijijini Msowero je, kwa simu ya mtu aliyoinunua kwa mkono wa tatu?"

"Msowero hata wewe mwenyewe hukimbii. Juzi umeshushwa na pikipiki unachechemea."

Nikauliza, kwa kuwa ndilo swali la msingi, ni nani aliyeidhinisha hayo maneno mapya. Zainabu akanieleza kuwa watengenezaji wa vivinjari huketi pamoja wakakubaliana viwango, yaani namna moja ya kuusoma ukurasa, ili kilichoandikwa Kilosa kisomeke vilevile kwingine kote, na kwamba kazi yao wao wawili ni kuangalia kila toleo limetimiza viwango vipi na lipi limeahidi tu. Nilifurahi sana. Kumbe duniani bado kuna watu wanaofuata taratibu bila kusimamiwa na mkaguzi. Mwishoni wakakubaliana kwamba yale mapya watayatumia, lakini chini yake kila ukurasa uwe na umbo la kawaida, la maandishi na picha tu, kwa mtu ambaye kivinjari chake hakiyajui. Hilo la mwisho lilisemwa mbele yangu, nami nikatikisa kichwa kuashiria nimeelewa. Nilikuwa ninamalizia chai.

Sasa nije kwenye uamuzi mdogo uliozaa yote. Kila asubuhi nikiifungua kompyuta yangu, hutokea kikaratasi kwenye kioo kuniambia kwamba kivinjari changu kimepitwa, nikisasishe, na chini yake kuna vitufe viwili, "Sasisha" na "Baadaye". Mimi katika utumishi wangu wote sikukubali badiliko ambalo halina jina na saini ya aliyeliagiza, na kile kikaratasi hakina saini. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa adabu kabisa, ninabonyeza "Baadaye", kisha ninaendelea na mambo yangu.

Siku chache kabla ya mkutano vijana wakatuma anwani ya tovuti tuipitie. Nikaifungua nyumbani, nikaona maandishi meusi yameshuka kama risala, picha ya tembo, chini yake picha ya kitanda, chini yake picha ya tembo mwingine, na pale palipostahili ramani pameandikwa maelezo ya kutoka stesheni hadi barabara kuu. Nikaduwaa. Ule mpangilio wa kujivunia uko wapi? Mke wangu akanishauri niwapigie simu niwaulize, ni vijana wazuri. Nikamjibu kwamba kumwonya mtuhumiwa faraghani ni upendeleo, na lalamiko linawasilishwa mbele ya kikao. (Ananikumbusha jibu hilo kila siku tangu hapo, mara nyingine wakati wa kula.)

Ukumbi wa Mikumi ulijaa. Nikafungua kikao, nikaomba kompyuta yangu, si ya vijana, ndiyo iunganishwe na projekta, nikasoma hoja yangu nikiwa nimesimama wima: kwamba kazi iliyoletwa haifanani na kazi iliyoahidiwa, kwamba picha zimerundikwa, kwamba ramani haipo, na kwamba ninasikitika, kwa kuwa niliwaamini. Zainabu alikuwa amesimama kando ya ukuta. Alishika tu mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyekwisha kuanza safari ya Dar.

Katibu wetu, Bi Mwanaidi, mwenye nyumba ya wageni hapohapo Mikumi, akanyoosha simu yake juu. "Mwenyekiti, yangu mimi ina ramani."

Kutoka nyuma mwingine akasema hata yake, na picha zimepangika vizuri, zinasogea ukizigusa. Hapo mwenye akili angeketi. Mimi nikawajulisha wajumbe kwamba simu ya mtu binafsi si kielelezo rasmi cha kikao, na nikamwagiza Elia aje mbele ajibu hoja. Akaja taratibu. Na kabla hajafungua mdomo, kwenye ukuta ule, kwa herufi kubwa kuliko za bango la barabarani, kikatokea kile kikaratasi changu cha kila asubuhi. Ukumbi mzima ukasoma kwamba kivinjari cha mwenyekiti kimepitwa na kinapaswa kusasishwa.

Nami, mbele ya wajumbe wote, kwa mkono uliozoea, nikabonyeza "Baadaye".

Sitaelezea kicheko kile. Mzee mmoja wa Munisagara alilazimika kutolewa nje apate hewa.

Kilipotulia, ni Zainabu aliyesogea, na hakucheka. "Shikamoo tena, Mzee," akasema. Nikaitikia marahaba, sauti ikiwa chini. "Kazi unayoiona hapo haijaharibika. Tumeitengeneza hivyo kwa makusudi, na tumeitengeneza kwa ajili yako."

Akawaeleza wajumbe kwamba siku ile nilipopita ofisini aliona kivinjari changu ni cha zamani kuliko chochote walichokuwa wamekipima, na badala ya kuniambia nikibadilishe, wakakifanya kipimo. Kila walichoongeza waliuliza kwanza, Mzee Madeha atasoma? Kama atasoma, basi atasoma na babu yake yeye kule Chanzuru, na mgeni mwenye simu ya mkono wa tatu. Maelezo ya njia yaliyokaa mahali pa ramani aliyaandika Elia kwa mkono, kwa kuwa alijua ramani kwangu haitafunguka.

"Bonyeza hapo palipoandikwa omba chumba," akaniambia. Nikabonyeza, nikajaza jina langu, nikatuma. Simu ya Bi Mwanaidi ikalia papo hapo mezani.

Akaisoma bila haraka. "Maombi yamefika. Mzee Madeha, chumba cha watu wawili." Akanitazama juu ya miwani. "Mama nyumbani ana taarifa, Mwenyekiti?"

Wajumbe wakapitisha kazi ya vijana kwa mikono yote, wangu ukiwa wa kwanza. Zainabu akautua mkoba wake kwenye kiti, akatoka nje kupiga simu, na ofisi ya jirani na stesheni iko wazi hadi leo. Tulipokuwa tunatoka nilimvuta Elia pembeni, nikamwomba, kwa heshima na bila ya saini ya mtu yeyote, anisasishie kile kivinjari. Akakataa. "Ukisasisha wewe, Mzee," akasema, "sisi tutapimia wapi?"

Sasa nimesikia kwamba muhtasari wa kikao hicho umeandikwa kuwa "palitokea hitilafu ndogo ya mitambo". Ninaupinga. Mitambo ilifanya kazi yake, vijana walifanya kazi yao kwa ustadi na kwa huruma niliyoishuhudia kwa macho yangu, na hitilafu pekee ilikuwa imesimama wima mbele ya ukumbi ikisoma hoja. Hivyo ninamtaka Katibu aifute sentensi hiyo na kuandika jina langu mahali pake, na ninaitaka kamati iniite katika kikao kijacho, nisimame palepale kando ya ukuta aliposimama Zainabu, nijibu kwa nini nilimtuhumu mtu hadharani kabla ya kumuuliza. Projekta iunganishwe. Kompyuta nitakuja nayo mwenyewe, kama ilivyo.