Bezi ya Chini ya Kiti Niliyomfungia Baba kwa Pickup, Barabara ya Kakuma

Wakuu, ejok.

Nimekuwa nasoma hapa kimya kimya mkibishana kuhusu hizi subwoofer ndogo zenye amplifier ndani yake, kama zitaingia chini ya kiti ama hazitaingia. Na mimi nina yangu. Chumvi sitaongeza. Chumvi yote ya maisha yangu niliimalizia Kalokol, kwa samaki.

Na kweli wacha nianzie huko Kalokol, kando ya ziwa, hata kama haihusiani. Mkiona napotea mnivumilie. Shule niliacha darasa la tatu, na hata hilo la tatu nilikuwa nachungulia dirishani tu.

Nilikuwa kijana. Kazi ilikuwa kupasua samaki, kutia chumvi, kuanika. Ikifika saa saba mchana mchanga unachoma hata kupitia kiatu cha tairi, kwa hivyo kila mtu anajitafutia kivuli chake.

Kivuli changu kilikuwa mashua ya mbao iliyotoboka, nusu kwa maji nusu kwa mchanga. Nilikuwa naingia ndani, nalala, sikio kwa ubao.

Wakuu, hapo nilikuwa nasikia ziwa. Wimbi linagonga chini, dum, linapita kwa ubao, linaingia kwa shavu, kwa meno, linashuka mpaka kifuani. Linatulia. Tena, dum.

Nilikuwa naota nina ng'ombe. Ng'ombe wa kijivu, wengi, wanatembea chini ya maji polepole, na vumbi lao ni maji.

Siku moja nikafungua macho nikaona baba amesimama juu yangu. Alikuwa ametoka upande wa Kaikor kwa miguu kunitafuta. Kwa mtu wa mifugo kama yeye, mtu wa kula samaki ni mtu aliyeishiwa. Akaangalia mikono yangu, magamba yanang'aa.

Akasema, "Nimezaa mla samaki."

Akageuka akaenda zake. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kwa miaka mingi sana.

Sasa tuje miaka ya tisini.

Samaki niliacha. Nilikuwa na pickup, cabin moja, viti viwili, ile ya zamani ambayo mlango wa abiria unafunguliwa kutoka nje. Kazi yangu ilikuwa Lodwar kwenda Kakuma. Wakimbizi kutoka Sudan walikuwa wameshajaa kambini, na kila kitu kilikuwa kinatakiwa: sukari, vitunguu, magodoro, misumari. Nikipeleka godoro narudi na habari.

Wakati huo ndio baba aliletwa kwangu Lodwar. Wavamizi walikuwa wamechukua mifugo yake yote, na pamoja nayo dume lake, Lokori.

Kwa wasiotujua nieleze kidogo. Mwanaume wa Kiturkana ana dume moja analolipenda. Analitengeneza pembe, analivalisha kengele, analitungia wimbo, na watu wanamwita yeye kwa jina la hilo dume. Baba yangu hakuitwa jina lake na mtu yeyote wa rika lake. Aliitwa Apalokori, baba ya Lokori. Mimi ndiye mtoto, lakini jina ni la dume.

Ndugu yake mdogo, Ewoi, ndiye aliyemleta. Na masikio ya mzee yalikuwa yamezima kabisa. Ungepiga risasi nyuma yake asigeuke.

Alikuwa anakaa nje, juu ya ekicholong yake, kile kiti kidogo cha mti ambacho mzee hatembei bila kuwa nacho. Anaangalia ukuta. Chai anakunywa, chakula anasukuma. Kuongea, hapana, si na mimi, si na mke wangu Akiru, si na mtu.

Akiru akaniambia, akiniita kwa jina la binti yetu, "Baba Nakiru, huyu mzee anakonda. Akiendelea hivi tutamzika hapa mjini."

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Azikwe Lodwar, chini ya nyaya za stima, na neno lake la mwisho kwangu liwe lile la samaki.

Nikaanza kumbeba kwa pickup, angalau aone mahali penye upana. Alikubali kupanda, lakini kiti cha gari alikataa. Kilikuwa laini, akakigusa na kidole kama mtu anayegusa kidonda. Akaweka ekicholong yake sakafuni, mahali pa miguu, akakaa hapo magoti yamefika kwa dashboard. Lodwar mpaka Kakuma, hivyo. Watu wakiangalia dirishani wanaona kofia yenye unyoya tu.

Sasa siku moja ndani ya kambi tukapita kanisa la Wasudan, lile la udongo. Walikuwa wanafanya mazoezi, ile ngoma yao kubwa inapigwa. Mzee alikuwa anatembea mbele yangu. Akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili. Akaweka kiganja kwa ukuta wa kanisa.

Akakaa hivyo. Kichwa kinatikisika kidogo, kidogo.

Nikakimbia kwa Majok. Majok alikuwa fundi wa redio, Msudan, mrefu mpaka kibanda chake alikuwa anakiingia kwa kuinama kama mtu anayesali. Nikamweleza.

Akasema, "Ya akhui, ndugu yangu, mzee anasikia na mfupa. Sikio yake imekufa, mfupa bado."

Akavuta kitu chini ya meza. Kisanduku cheusi cha chuma, bapa, upana kama mikate miwili imelazwa. Kilitoka kwa gari ya mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao.

"Hii ni bezi," akasema. "Amplifier iko ndani. Haitaki sanduku kubwa. Inalala chini ya kiti kama paka."

Nikampa mbuzi wawili, tukapeana mkono.

Lakini nisingeweka wimbo wowote tu. Ewoi alipokuja Lodwar kutafuta mahindi nilimshika, yeye na wazee wawili wa rika lao. Nikaweka kinasa sauti chini kabisa, kwa ardhi, juu ya ngozi. Nikawaomba waimbe wimbo wa Lokori. Sisi hatuna ngoma, wakuu, miguu ndiyo ngoma. Waliruka wakikanyaga mpaka vikombe vya Akiru vikatembea kwa meza.

"Mtabomoa nyumba!" Akiru akapiga kelele.

Ewoi akamjibu, "Nyumba gani, hii ya bati? Hii ilishabomoka, inangoja upepo tu."

Maneno hayo nayo yakaingia kwa kaseti.

Haya, ufundi. Ninyi wa subwoofer msikilize hapa, kwa sababu nikifika mwisho sitakuwa na la kufundisha.

Waya mwekundu mnene unatoka kwa betri moja kwa moja, na fuse iwe karibu na betri, sio karibu na bezi. Mimi niliuliza kwa nini, Majok akasema waya ukikwaruzwa kwa bodi njiani bila fuse, "gari yako inakuwa jiko."

Waya mweusi unafungwa kwa chuma cha bodi. Ukwangue rangi mpaka chuma kiwe cheupe, usiwe mvivu, la sivyo bezi italia nng'iii pamoja na injini.

Redio yangu ya kaseti haikuwa na tundu za nyuma za amplifier. Majok akachukua sauti kutoka kwa nyaya za spika, bezi ilikuwa na mahali pake pa kupokea hivyo. Na ile swichi ya kupandisha nguvu, usiipeleke mwisho. Nusu inatosha. Kuna swichi nyingine ya kukata sauti nyembamba, hiyo ishushe mpaka ibaki tu kitu cha tumbo.

Shida ilikuwa nafasi. Chini ya kiti cha abiria palikuwa na jeki, spana na kamba, nikavihamishia nyuma. Bado. Sanduku likaingia, likagonga reli ya kiti, likakataa. Tukaligeuza, likakataa. Majok akalala chali, miguu yake nje ya mlango mpaka karibu na barabara, na akina mama waliokuwa wanaenda kuchota maji wakasimama.

"Dereva, umeua Msudan?" mmoja akauliza.

"Anazaliwa," nikamjibu.

Mwisho Majok akatoka na jasho. "Kalas, basi," akasema. "Nusu iko chini ya kiti, nusu iko nje. Hii gari yako ni ndogo, mimi si Mungu."

Kweli, sanduku lilikuwa limetokeza mahali pa miguu, upana wa viganja viwili. Tukalikaza na skurubu kwa sakafu, hivyo hivyo.

Tukawasha. Vumbi la miaka lilianguka kutoka kwa dari. Mlango ukatetemeka, wale akina mama wakacheka, mmoja akasema nimefunga kanisa ndani ya gari. Nikamwita mzee, nikamwomba kwa mikono akae kwa kiti, mara moja tu, kiti cha gari.

Akakaa. Nilimbonyeza bega, ndipo akakaa.

Hakuna kitu. Wimbo wake mwenyewe unapigwa chini yake na anaangalia kioo cha mbele kama anayeangalia ukuta wangu wa Lodwar.

Majok akafungua mikono. Mimi nikazima. Sijui kama mmewahi kumletea mtu kitu ambacho mmekitafuta kwa miezi, akakikalia, asijue.

Sasa kosa letu lilikuwa hili, na nimelifikiria sana tangu hapo. Kile kiti kilikuwa sponji. Bezi ilikuwa inapanda kutoka kwa chuma, inafika kwa sponji, inalala. Tulimweka mzee pale ambapo sisi tunaona ni pa heshima, na ni pale pale sauti inapokufa.

Kama kuna mwenye kujua zaidi aandike hapa chini: mmewahi kuona mtu asiyesikia akipata wimbo kwa chuma ama kwa mti? Na hizi bezi za siku hizi bado zinakazwa kwa sakafu, ama mnazilaza tu juu ya carpet? Nitasoma, hata kama sitajibu haraka.

Niendelee.

Tukaanza kurudi Lodwar saa nane, mzee bado amekaa kwa kile kiti laini. Injini ikapata joto, nikasimama kwa laga moja, mto mkavu, mchanga mweupe na miti ya pembeni. Mzee akashuka, akajisaidia, akarudi. Nilikuwa nimewasha kaseti tena, chini chini, kwa sababu ya huzuni tu.

Akataka kurudi kwa sakafu yake. Sakafu haikuwepo. Sanduku limeila. Akajaribu kuweka ekicholong kushoto, haiingii, kulia, haiingii. Akalalamika kwa koo. Akaiweka juu ya sanduku lenyewe. Akakaa.

Chuma, kisha mti, kisha mzee. Hakuna sponji.

Kwanza akageuza kichwa haraka kuangalia laga juu, upande wa milima. Nikajua amefikiria ni maji yanakuja, kwa sababu mto wetu ukijaa huko mbali unausikia kwa miguu kabla ya kuuona. Akatafuta wingu. Hakuna wingu.

Nikapandisha sauti.

Akafumba macho. Mikono yake ikashika kingo za ekicholong. Upepo ulikuwa unapita ndani ya cabin, dirisha hili kwenda lile, na kila kitu kilikuwa cheupe, na mimi nilikuwa tena ndani ya ile mashua, dum, na ng'ombe wa kijivu wanatembea.

Akasema, "Ewoi huyo."

Sauti kama mlango wa stoo.

Akasema, "Mguu wa kushoto bado anachelewesha. Nilimwambia tangu tukiwa vijana."

Nikacheka, nikalia, vyote. Akanigeukia. Akaangalia mikono yangu kwa usukani, ilikuwa na grisi nyeusi ya siku nzima. Akaushika mmoja, akaugeuza juu chini.

"Ekai," akasema. Ndilo jina langu. "Umemleta Lokori ndani ya hii kitu?"

Nikatingisha kichwa, ndiyo.

Akaanza kuimba. Na mtu wetu akiimba dume lake lazima ainue mikono iwe pembe, zile pembe alizozitengeneza mwenyewe, moja imeenda mbele, moja imerudi nyuma. Mkono wa kushoto ukatoka nje ya dirisha. Wa kulia ukagonga dari. Akajaribu tena, ukanigonga mimi sikio.

Akashusha mikono. Akaangalia cabin yote, dari, mlango, mimi.

"Hapa pembe hazienei," akasema.

Akapitisha mkono nje, akafungua mlango. Akachukua fimbo, akachukua ekicholong. Akasimama kwa mchanga, akainua mikono yote miwili, na sasa zikaenea. Akafuata laga kwenda kaskazini, anaimba, anakanyaga, mguu wa kushoto kwa wakati wake.

Nilishuka nikamwita. Nilisahau hasikii.

Nilikaa kwa bodi ya pickup mpaka upande mmoja wa kaseti ukaisha. Nikaugeuza. Ukaisha na ule. Alikuwa kitu kidogo cheusi mwisho wa mchanga, kisha joto likamchukua miguu, kisha kiuno, kisha mikono, mikono ikiwa bado juu.

Baada ya wiki mbili Ewoi alituma habari kwamba mzee amefika upande wa Kaikor, amepewa mbuzi wachache, anakula. Nilituma gari mara tatu kumchukua.

Lodwar hakurudi.