Bao la Kipindi cha Pili

Njogu Gichuru huunda vitanda pale sokoni Gikomba, na mteja akimwuliza bei humjibu kwa vidole. Ukiambiwa kwamba mtu huyu aliwahi kutangaza mpira, majirani wamejaa mpaka mlangoni wakimsikiliza, utasema unadanganywa. Lakini ilitokea, mwaka wa sabini na tisa, naye akiwa na miaka kumi na mitano.

Redio ilikuwa ya baba yake, Mzee Gichuru. Ilikaa mezani chini ya kitambaa cha maua, na katika safu yao ya nyumba haikuwa na mwenzake. Wiki hiyo baba alitoa amri moja.

"Betri hizi ni za Jumamosi. Zikifa kabla ya mpira, redio naipeleka ushago kijijini, kwa cucu wako, mama yangu."

Jumamosi timu ya kiwanda cha sabuni, alikofanya kazi baba na nusu ya majirani, ingecheza fainali huko Mombasa.

Jumatatu Njogu alitii. Jumanne zikapigwa nyimbo za Kizaire, na gitaa lile lilikuwa likimwita mtu kwa jina. Kufikia Ijumaa mwimbaji alisikika kama mtu aliyefunikwa blanketi. Asubuhi ya Jumamosi, baba akiwa kwa kinyozi, Njogu akazitoa betri, akaziuma kwa meno, akazianika dirishani juani zipate nguvu, akazilinda kama mahindi yasiliwe na kuku.

Alasiri nyumba ikajaa. Ndambuki, jirani wa ukutani, aliwahi kufanya kazi Mombasa na bado aliishabikia timu ya huko. Alipewa kigoda karibu na mlango, ili akianza kulia atoke upesi.

Mpira ulikuwa haujachanganya wakati sauti ilipoanza kufifia.

"Mbona huyu mtangazaji ananong'ona?" Ndambuki akauliza. "Kwani ameiba?"

Baba akamtupia Njogu jicho. Njogu akainyakua redio, akaibandika sikioni.

"Mimi nasikia," akasema. "Nitawaambia."

Akaanza kwa sauti ya chini, macho sakafuni. "Nzuki ana mpira... ampa Thuo... unatoka nje."

"Paza sauti, kijana! Hata wewe betri zimekwisha?"

Watu wakacheka, naye akapaza. Alikuwa anaanza kuizoea kazi, ndipo redio ikakata roho, mapumziko yakikaribia. Akaitikisa. Kimya. Nyuso zote zilikuwa zinamngoja, na ya baba ikiwa mbele. Njogu akaiona akilini redio imekaa ushago, cucu akiitumia kusikiliza mahubiri tu.

"Mapumziko," akatangaza. Watu wakanyoosha miguu. Baada ya muda akafumba macho. "Kipindi cha pili kimeanza! Nzuki upande wa kulia, ampiga chenga mmoja, ampiga chenga wa pili, krosi... Thuo aruka... kichwa... wavuni!"

Nyumba ikalipuka. Baba, mtu wa kanisa, akacheza ngoma ya mwomboko mbele ya kigoda cha Ndambuki. Njogu akaulinda ushindi huo mpaka filimbi ya mwisho, jasho likimtiririka. Kisha baba, kwa furaha, akaenda mwenyewe dukani kwa Jama kununua betri mpya.

"Mtu asitoke! Hicho kichwa lazima tukisikie tena kwenye habari."

Njogu akaanza kunyata kuelekea nje. Baba, akirudi na betri, akamshika kola mlangoni. "Mtangazaji gani huondoka kabla ya habari?"

Habari zikasomwa. Mechi ya Mombasa ilivunjwa wakati wa mapumziko kwa sababu ya mvua kubwa, timu zikiwa hazijafungana. Ingerudiwa Jumamosi ijayo.

Ndambuki akauliza polepole, "Sasa Thuo alirukia wapi? Baharini?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba hakucheka. Akazitoa betri, akazitia mfukoni mwa koti.

"Redio itabaki kwa sababu ya Jumamosi. Lakini hizi zitakuwa zinaenda kazini na mimi."

Jumatatu jioni redio ilikuwa kimya mezani na baba anasoma gazeti, Ndambuki alipobisha hodi na majirani wengine nyuma yake.

"Redio haina betri," baba akasema.

"Baba Njogu, hatukujia redio. Tuwekee kijana. Ile ya kichwa."

Baba akageuza ukurasa. "Asipige kelele sana."

Njogu akajikuna shingo, akatazama sakafu, kisha akafumba macho.

"Nzuki upande wa kulia," akaanza.