Daktari Aliyeyaona Mapafu ya Baba

Baba yangu alisaga mawe ya chokaa tangu ujana wake, kisha akastaafu na kikohozi. Kila zahanati ya hapa Likasi tulikompeleka walimpa dawa, mara ya malaria, mara ya kifua kikuu. Alizinywa zote kwa utii, na pumzi ikazidi kupungua. Parokiani alikuwa mwimbaji wa sauti nzito. Mwaka ule alianza kukaa benchi la nyuma, akifungua mdomo tu wengine wakiimba.

Ndipo jirani akatuambia kwamba zahanati moja upande wa Shituru imefunga mtambo wa kuongea na madaktari wa mbali. Nilimpeleka asubuhi, mdogo wangu akimshika mkono upande wa pili. Muuguzi alimpiga picha ya kifua, akaipeleka kwa intaneti, akatuketisha mbele ya kioo kikubwa ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtandao kukatika. Haukukatika. Daktari alitokea, mtu wa makamo mwenye miwani, akamsalimu baba kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Alisema yeye ni mtoto wa Likasi, ila anafanya kazi Ulaya.

Alituonyesha ile picha, akizungusha kidole kwenye madoa meupe. Vumbi la mawe, alisema, limeganda mapafuni miaka mingi. Halikuwa malaria wala kifua kikuu. Nilifurahi, na leo naona aibu kusema hivyo. Nilidhani ugonjwa ukishapata jina, dawa yake haiko mbali.

Baba aliinamia kioo.

"Munganga, weye uko mbali vile, na unaona mapafu yangu?"

"Ndiyo, papa. Ninaona muzuri sana."

"Basi, kama unaona, tosha ile vumbi."

Alitaka alitoe, kama mtu atoavyo kibanzi jichoni. Daktari akamwambia polepole kwamba dawa ya kulitoa haiko popote, hata huko aliko yeye. Iko mashine ya oksijeni ya nyumbani ambayo ingempunguzia taabu. Mashine hiyo tuliitafuta mjini kote, hatukuipata. Hata tungeipata, inataka umeme usiozimika, na mtaani kwetu umeme huja unapotaka. Tuko jirani na bwawa la umeme la Koni, na bado tunawasha mishumaa.

Daktari hakututupa. Alinipa namba yake, nikawa namtumia video za baba akipumua. Alijibu kila mara, kwa sauti iliyorekodiwa ili baba asikie mwenyewe. Alimtumia filamu fupi ya kumfundisha kupumua kwa midomo iliyobanwa kama anayepiga mluzi. Baba aliitazama kitandani, akafanya mazoezi kama mwanafunzi, akanikaripia nilipomruhusu mtoto wangu achezee simu hiyo.

Siku aliyozidiwa ilikuwa mchana, mvua ikinyesha. Mdogo wangu alikimbilia hospitali kutafuta oksijeni, akapiga simu kusema chupa ya oksijeni iliyobaki amewekewa mtoto mchanga. Nani angesema aondolewe? Nilimpigia daktari. Alitokea mara moja, sura yake wazi kabisa, nyuma yake dirisha lenye jua. Aliniambia nimketishe baba, nimwegemeze mbele kwenye mto, nifungue mlango. Nilifanya yote. Akaniambia nimsogezee simu karibu na kifua, nikamsogezea. Kisha akaacha kuniagiza. Nilielewa kwamba hana tena la kuniagiza.

Alibaki nasi. Baba alimtazama, akajaribu kubana midomo kama alivyofundishwa. Kisha akatulia. Daktari alivua miwani yake, akasema, "Pole, mama. Niliona." Nilishindwa hata kukata simu. Niliiweka kifudifudi juu ya meza, nikamfumba baba macho.

Wiki kadhaa baada ya mazishi, daktari aliniomba ruhusa. Yeye na wenzake wanafundisha kompyuta kutambua mapafu ya wasagaji mawe, ili hata zahanati isiyo na daktari iweze kujua mapema. Aliitaka picha ya baba, bila jina. Nilikubali. Naamini ni kazi njema.

Mdogo wangu naye anasaga mawe, na ameanza kukohoa. Nilimwambia twende Shituru apigwe picha, maana siku hizi majibu yanatoka upesi. Alikuwa akinawa mikono kwa ajili ya chakula, akaniita yaya, yaani dada, kama kawaida yake.

"Yaya, na nikisha kujua, nitafanya nini? Kazi ingine haiko."

Nilimpakulia bukari, ugali wetu, nikaketi naye, tukala.