Namba Niliyoisoma kwa Sauti

Kidole changu cha kati hakikunjiki tangu siku ile kule Nyaramba. Mwalimu mmoja aliniita nikaangalie gari la marehemu baba yake, waliyemwita tata, lililokaa miaka mingi kwenye kibanda nyuma ya migomba. Alitaka kulifufua ila hakujua lina injini gani, na bila kujua hilo tusingepata hata gasketi. Mdogo wake, aliyebaki nyumbani akichuma majani chai, alisimama mlangoni na panga la kukatia nyasi za ng'ombe.

Nilifungua boneti. Panya walikuwa wamejenga juu ya karabureta. Nikamwaga mafuta ya taa ubavuni mwa injini, nikasugua kwa brashi ya waya mpaka namba ikatokea, nikailinganisha na ya kwenye logbuku, kitabu cha usajili wa gari.

"Hii siyo," nikasema. "Hii ni ya pikapu. Injini ya gari hili ilitolewa."

Laiti ningenyamaza.

Mwalimu alimgeukia mdogo wake. "Uliuza injini ya tata?"

"Mimi? Hata boneti sijawahi kufungua!"

"Mwizi! Nani mwingine alikuwa hapa?"

Akanyakua spana ya magurudumu miguuni pangu, akampiga nayo tayani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mdogo akayumba, akatema jino, akainua panga. Pigo la kwanza lilipasua mwimo wa mlango. La pili lilimpata mwalimu begani, damu ikaruka hadi kwenye kioo cha gari. Nikajitupa katikati kuushika ule mkono wa panga, makali yakapita kiganjani mwangu. Tulianguka wote watatu, tukikabana kwenye damu na mafuta ya taa.

Mama yao ndiye aliyetutenganisha. Alikuja mbio na ndoo ya maji, akatumwagia.

"Mnauana kwa nini?"

"Ameuza injini ya tata!"

"Baba yenu aliibadilisha mwenyewe! Ile ya kwanza ilipasuka akitoka Marani, nyinyi mkiwa shuleni."

Panga likadondoka. Mwalimu akaanza kulia kwa sauti, bega likimtiririka damu. Mdogo alijishika taya lililoning'inia.

Wiki mbili baadaye, mkono ukiwa umeshonwa, nilirudi kuchukua vifaa vyangu. Nikachungulia chini ya injini. Vyuma vinavyoishikilia vilichomelewa zamani sana, kutu imekula mpaka kwenye maungio. Ningetazama pale kwanza, ningejua ni kazi ya zamani, baba yao akiwa bado hai. Ningechukua dakika moja tu. Lakini nilifurahia kuonekana fundi hodari, nikasema kabla sijamaliza kuangalia.

Mdogo alihamia Sironga kwa wakwe zake, na hajakanyaga tena pale. Mwalimu hawezi kuinua mkono kuandika ubaoni.

Mama yao alinikabidhi vifaa vyangu, vyote vimeoshwa.

"Fundi," akasema, "tafadhali usirudi hapa."