Upanga wa Mti Usio na Makali

Nilikuwa sijamaliza darasa la tatu radi ilipoua ng'ombe wawili wa jirani yetu, Mzee Kapele. Kwetu Ufipa, radi haiji hivi hivi. Ina mtu aliyeituma.

Asubuhi ya siku ile bibi yangu alinituma darini nikateremshe ulezi. Huko nikashika kitu nilichokatazwa kugusa: upanga wa mti mgumu, mweusi, mrefu kama mkono wa mtu mzima, laini ajabu, wala haukuwa na makali. Hakuna aliyejua kazi yake. Babu aliurithi kwa baba yake, akafa bila kueleza.

Jioni ng'ombe wakafa. Niliamini nimewaua mimi. Hofu ilinizidi, nikamnong'oneza binti wa Mzee Kapele kwamba niliugusa upanga ule. Kulipokucha, kijiji kizima kilikuwa uani kwetu.

"Utoe," Mzee Kapele alisema. Bibi akautoa.

"Hata mimi siujui, baba. Ni wa marehemu."

"Uchomwe!" kijana mmoja alipaza sauti. "Na mwenyewe ahame!"

Nilijificha nyuma ya kihenge, nikilia bila sauti.

Ndipo mama yake Mzee Kapele, kikongwe asiyeona, mzaliwa wa Kaoze kule bondeni, akanyoosha mikono. "Nipeni."

"Mama, usiguse!" mwanawe alimsihi.

Aligusa. Alipitisha kidole ukingoni polepole, akakisimamisha mahali penye vijialama vyembamba ambavyo sisi wenye macho hatukuwahi kuviona. "Uzi umepita hapa," alisema kwa Kifipa. "Uzi mwingi."

Akaketi chini, akanyoosha miguu. Akauchomeka upanga hewani kwa ubapa, akausimamisha kwa ubavu, kisha akauvuta kwa nguvu kuelekea kifuani. Tena. Na tena. Mbele yake hapakuwa na uzi hata mmoja, lakini naapa niliiona nguo ikirefuka.

"Baba yangu alifuma," alisema. "Pamba ililimwa bondeni. Nyuzi za nguo niliyobebewa mgongoni zilishindiliwa kwa mti kama huu." Akageuza uso kumtafuta mwanawe. "Na huu ndio unataka kuuchoma?"

Mzee Kapele alivua kofia. Alimwomba bibi radhi mbele ya watu wote, na watu wakatawanyika mmoja mmoja. Wapo walioendelea kuamini kwamba radi ile ilitumwa, ila walianza kumtafuta mtumaji kwingine.

Leo najua radi haihitaji mtumaji. Hata hivyo, hofu ya mtoto yule siicheki, maana ilikuwa ya kweli, na nusura imkoseshe bibi yangu makazi. Kinachonishangaza hadi leo ni jinsi muda ulivyokuwa mfupi. Mtu aliyebebwa kwa nguo ile alikuwa bado hai, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na sisi tulikwishaiita kazi ya baba zetu uchawi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.