Kivuli cha Kaburi la Josline

Sipendi kuandika. Mkono wangu umezoea jembe, na herufi zangu zinalala kama kuku wagonjwa. Lakini Mirembe, yule Mganda anayeuza chapati hapa Gumbo, amenisumbua: "Mama Lodu, kama hutaki kusema na akina mama wa kanisa, waandikie." Kweli sitaki kusema nanyi. Basi someni.

Maua yale ya kaburini aliyaleta binti yangu Josline, tuliporudi kutoka ukimbizini Uganda. Wengine walibeba magodoro. Yeye alibeba vichipukizi ndani ya kitambaa, njia yote ya mpakani Nimule anakilowesha. Ni ua la kivulini. Shina lake laini, limejaa maji, na jua la hapa likilipiga mchana mmoja tu linalala chini. Akalipanda chini ya mwarobaini wetu. Vifuko vyake vya mbegu vikikomaa, ukivigusa vinapasuka, naye, mtu mzima yule, alicheka kila mara.

Homa ilipomchukua tulimzika pale pale nyumbani, chini ya mwarobaini, nami nikayatandaza maua yake juu ya kaburi. Unakata chipukizi chini ya kifundo. Unaondoa majani ya chini na maua yote, maana ua linakula nguvu ya mzizi. Unachomeka kwenye mchanga wa mtoni na samadi iliyooza, kivulini, pawe na unyevu, pasiwe na tope. Kaburi likajaa maua, mekundu na meupe. Hata waendesha bodaboda walisimama kuangalia.

Mwezi uliopita mwanangu Lodu akataka ibada ya kumkumbuka dada yake. Vizuri. Akaalika watu, hata wa Atlabara ng'ambo ya mto. Siku moja kabla, mimi nikiwa sokoni, akakata mwarobaini.

"Lodu, mti uko wapi?"

"Malesh, unisamehe, Mama. Hema halikuingia. Matawi yalizuia."

"Hema la nini?"

"La kivuli. Wageni watakaa juani?"

"Umekata kivuli ili ukodi kivuli."

"Mama, wewe na maua yako. Nitamwekea dada simenti na vigae, kaburi la heshima. Watu wanasema tumemwacha kwenye kichaka."

"Watu gani? Waje waseme mbele yangu."

Hawakuja kusema. Walikuja kula. Ninyi mlikula ng'ombe mzima, mkakaa chini ya hema, mkaimba vizuri, hilo siwanyimi. Mmoja wenu akaniambia, "Mama, sasa uwanja umefunguka, unapendeza." Jioni hema likapakiwa kwenye gari, likaenda zake. Kufika Jumapili, kaburi la binti yangu lilikuwa kama mboga iliyomwagwa.

Niliokota vichipukizi vilivyopona upande wa ukuta, nikavitia kwenye kikombe cha maji chini ya kitanda. Vimetoa mizizi myeupe. Lodu alipoleta mifuko ya simenti niliikalia. Nilikaa juu yake kweli, nikachambua mboga hapo hapo, mpaka akachoka.

"Basi yapande nyuma ya choo," akasema. "Huko kuna kivuli."

"Dada yako hakuzikwa nyuma ya choo."

Mwarobaini mwingine nimepanda, lakini mimi na mti ule hatutangojana. Vichipukizi navyo haviwezi kukaa kikombeni. Mzizi ukizoea maji, udongo unaukataa.

Kwa hiyo Jumamosi hii njooni kwangu. Kila nyumba iliyokula siku ile ilete nguzo moja au mzigo wa nyasi. Tutasimamisha rakuba juu ya kaburi: nguzo pembeni, nyasi juu, kuta hakuna, upepo upite. Msilete soda, wala msiniletee pole. Asiye na nguzo aje na mikono, achimbe mashimo.